Mzigo Tuliouacha Chini ya Mkaratusi

Kwa wote mlioeneza darasani kwamba nilikimbia interro, lile jaribio la hesabu: asanteni kwa kunifikiria. Sikukimbia. Ningekuwa nakimbia hesabu ningevuka mpaka nikale brosheti Bujumbura, siyo kupanda Lemera na mama yangu, beseni, na gunia la makaa. Kila mtu ananiuliza ilikuwaje, na nimechoka kusimulia kwenye foleni ya maji, ambako kila mara kuna anayefika mwishoni akataka nianze upya. Basi nimeandika. Mkimaliza mnirudishie karatasi zangu, zimetoka kwenye daftari la biolojia na nyuma yake kuna moyo wa chura.

Habari yenyewe ni hii. Yaya Neema, dada yangu, ameolewa Lemera na mwalimu mmoja mpole ambaye akikusalimia unadhani anaomba msamaha. Alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza haikuisha vizuri; mtoto alipumua kidogo tu, na nyumbani kwetu hakuna anayeitaja habari hiyo. Safari hii shemeji alipiga simu kusema kwamba mtoto amekingama tumboni, waganga wa hospitali watampasua Yaya kesho yake. Na mnajua kwetu mgonjwa hawezi kulala hospitali bila garde-malade, mtu wake wa kumfulia, kumpikia na kulala chini ya kitanda chake. Mama akasema garde-malade ni yeye. Mimi sikuulizwa. Mimi nilikuwa sehemu ya mizigo.

Uvira: kuivalisha moto

Lazima nieleze mama yangu kwa wasiomjua. Kanisani yeye ndiye mwalimu wa akina mama, na somo lake kubwa ni kutojisumbua. Ndege hawana ghala, maua hayana fundi cherehani, na Baba wa mbinguni anawaona wote. Analifundisha vizuri, watu wanatoa leso. Kisha anarudi nyumbani, anaangalia kufuli la mlango, analala, anaamka, anaangalia kufuli tena.

Asubuhi ile alipanga vitu vya kwenda navyo: beseni, sufuria, unga wa muhogo, ndagala, wale dagaa wa ziwani, sabuni, vitenge, termosi, mbabula ya kupikia, na gunia dogo la makaa ya kutia kwenye mbabula. Nikamwambia kwamba huko mlimani ndiko makaa yanakochomwa, kuyapeleka Lemera ni sawa na kupeleka ndagala bandarini Kalundu. Akaniuliza kama nitayachoma mimi kwa vichekesho vyangu siku tutakapoyakosa.

Kitu cha mwisho alichoweka sikukichekea. Kilikuwa sweta ya mtoto, ya manjano, aliyoifuma mwenyewe kwa ile mimba ya kwanza. Ilikwenda Lemera ikarudi bila kuvaliwa, ikakaa chini kabisa ya sanduku. Aliitoa haraka, akaisukuma katikati ya unga na vitenge, akageuka kuona kama nimemwona. Nikajifanya nafunga kiatu.

Motari wetu, yaani mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alikuwa Amisi, jirani. Mama anamwamini kwa sababu ni Mwislamu na hanywi, ingawa kila Jumapili anamwombea abadilike. Alifunga mizigo nyuma kwa kamba za mpira mpaka moto ikaonekana kama inahama nyumba. Mbele Amisi, katikati mimi, nyuma yangu Mama, vidole vyake vimeshika mbavu zangu kama anatafuta ufunguo. Kabla hatujaondoka akaomba. Aliomba juu ya matairi, breki, polisi wa barabarani, mvua, malori, na roho za ajali moja moja. Amisi alisubiri kwa adabu, akaitikia amina, halafu akasema, “Mama Neema, njiani ukisali tena, sali macho wazi. Unitazame nisilale.”

Alisali macho wazi mpaka Kiliba. Mbavu zangu ni mashahidi.

Mtoni: maji yenyewe hayajui

Usiku huko milimani ilinyesha, kwa hiyo kabla ya Sange tulikuta mto umepanda barabarani. Magari upande huu, magari upande ule, na katikati maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita bila haraka wala aibu. Vijana wenye misuli walikuwa wanabeba watu mgongoni. Wengine tulisubiri.

Mama hakusubiri. Alizunguka akiuliza kila mtu maji yana kina gani na yatapungua saa ngapi. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa amelala chini ya lori lake, alifungua jicho moja akamjibu kwamba hata maji yenyewe hayajui, akalifunga.

Pembeni yetu kulikuwa na msichana wa umri wetu, sare ya shule, analia. Alikuwa anakwenda kufanya mtihani aliokuwa ameukosa, na sasa ataukosa tena. Mama akakaa naye kwenye gogo, akamshika mkono, akamhubiria lile somo lake lote, ndege, maua, na unywele wa kichwa uliohesabiwa. Msichana akafuta machozi, akatabasamu kabisa. Mama akanijia akanong'ona, “Fiston, tutakufa hapa.”

Nikanunua mahindi ya kuchemsha. Nilikula langu, nikala la Mama kwa sababu alikuwa hana hamu, nikawa nimeanza kumtazama yule msichana nione kama naye hana hamu, ndipo maji yakashuka. Nawaambia ukweli, yalishuka bila kutuaga. Amisi akasema alhamdulilahi, Mama akasema haleluya, tukavuka maji yakiwa magotini, tukiisukuma moto.

Sange: nilivyokula pole

Sange tulisimama kwa maharagwe. Mwenye mkahawa alimtazama Mama, akatazama uso wake, beseni, mbabula, na kile kitenge cheusi alichojifunika kwa vumbi, akaelewa kila kitu isipokuwa ukweli. Akaja na sahani zilizojaa nyama juu ya maharagwe, akampa Mama mkono wa pole, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akauliza mazishi ni saa ngapi.

Nikaeleza kwamba hatuendi kuzika, tunakwenda kuzaa, yaani siyo sisi, ni dada yangu. Mwenye mkahawa alishika mdomo, akaomba radhi, akakataa kurudisha nyama jikoni. Lakini Mama alikuwa amekwisha simama. Alisema hiyo ni ishara. Amisi akamwambia hapana, hiyo ni nyama. Mama hakuonja kitu. Mimi, kwa kumheshimu mwenye mkahawa, nilikula pole zote mbili.

Tuliporudi kwenye moto Mama alijaribu kumpigia shemeji. Hakukuwa na rezo, mtandao haukufika huko. Akajaribu mpaka simu ikaanza kuwa ya moto. Siku ile saa hizo Yaya alikuwa ama ameingizwa kwenye chumba cha kupasuliwa ama anangoja kuingizwa, na Mama alikuwa amemwahidi kwamba atamshika mkono kabla ya mlango kufungwa. Safari ya kwanza alichelewa. Hilo nalo halitajwi nyumbani.

Kupanda: moto inakataa

Tulipita njia ya Mutarule, tukapita mashamba ya mpunga na watoto waliotukimbilia wakitaka kujua tunahamia wapi, kisha tukaacha bonde na kuanza kupanda. Mlima baada ya mvua ni sabuni. Moto ilipanda kidogo, ikateleza kidogo, ikapiga kelele kama pasta kwenye baffle mbovu, spika ya kanisani, ikalala ubavuni pamoja na sisi. Hakuna aliyeumia. Termosi ilivunjika, ikalia ndani ya mfuko kama redio isiyopata kituo.

Amisi akasema kuanzia hapo moto itakwenda kwa miguu yetu. Yeye anasukuma mbele, mimi nasukuma nyuma, na Mama ana beseni kichwani na gunia la makaa mkononi. Kila baada ya kona aliuliza kama tunafika. Nilikuwa na majibu mengi mazuri ya kumchekesha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuweza kulitoa hata moja. Nilikuwa nafikiria ile sweta. Nilikuwa nafikiria kwamba tunaweza tena kuirudisha.

Kipoyi

Walitokea kwenye kijia cha upande wa kushoto, wanaume watano matope mpaka kiunoni, wanne wakiwa na kipoyi mabegani, kile kitanda cha miti na kamba cha kubebea wagonjwa. Juu ya kipoyi alilala mama mmoja mnene, mguu umefungwa kwa vijiti na kitenge, anaimba wimbo wa kanisa. Akifika kwenye kiitikio anakatiza wimbo na kuwakosoa wabebaji.

Sasa, ninyi watoto wa ziwani hamjui, na mimi sikujua. Huko juu kipoyi kikitokea mwanaume hakipishi. Anaweka chini alichonacho, jembe, jerikani, hata mbuzi anamfunga pembeni, anaingiza bega na kumpumzisha aliyechoka. Watu wale walitakiwa kuwa wengi wa kupokezana, lakini wengine walikuwa sokoni, na hawa watano walikuwa wamekwisha. Amisi alijua, kwa kuwa mama yake ni wa huko. Aliegemeza moto kwenye mkaratusi mmoja mkubwa, akatoa ufunguo, akaingiza bega. Moto yake. Ile ambayo usiku analala dirishani akiilinda. Akanitazama. Nikaingiza bega mbele upande wa kulia.

Mama alibaki amesimama barabarani. Aliuliza na mizigo je.

Mzee aliyekuwa amepumzishwa, waliyemwita Papa Simoni, akamwambia aiweke hapo mtini. Mzigo ulioachwa kwa ajili ya kipoyi hauguswi na mwizi. Anayepita nyuma anauchukua, anausogeza mpaka anapofika, mwingine anaupokea. Utafika. Mama aliuliza utafika lini. Papa Simoni akasema utakapofika.

Mnaweza kufikiria jibu hilo lilivyompendeza mama yangu.

Tukaanza kwenda. Bega langu liliniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la shule. Na yule mama wa juu, Mama Nabintu, ambaye mguu aliuvunja akifukuza mbuzi wa jirani kwenye maharagwe yake, akaanza na mimi.

“Huyu wa mbele kuume ni nani? Anatembea kama bata.”

“Iko minye, Mama. Fiston wa Uvira.”

“Kumbe. Uvira munatembea hivyo wote?”

“Hapana, Mama. Minye ndiye nafundisha wengine.”

Alicheka mpaka kipoyi kikayumba, tukamwomba acheke polepole. Akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema ni yule nyuma anayebishana na mfuko.

Maana Mama alikuwa anajaribu kubeba vyote. Beseni kichwani, mfuko wa unga na nguo mgongoni, mbabula mkono huu, makaa mkono ule. Alitembea hatua chache, akaangusha kimoja, akarudi kukiokota, akaangusha kingine. Sisi tulikuwa tunapanda na yeye anabaki. Angeweza kukaa na vitu vyake chini ya ule mti mpaka kesho. Au angeweza kumfikia Neema. Vyote viwili havikuwezekana, na alijua, nikaona uso wake unajua.

Mama Nabintu akawaambia wabebaji wasimame. Akainua kichwa, akaita kwa sauti iliyojaa mlima mzima, lakini bila ukali:

“Dada yangu. Mufuko hauna mutoto hospitali. Weye ndiye uko naye.”

Mama akarudi mtini. Tulimwona anapanga vitu pembeni ya moto ya Amisi, vizuri, kama anavipanga mezani. Mfuko wa nguo ukawa wa mwisho. Aliukumbatia kidogo kabla ya kuuweka. Kisha akasimama wima, akaongea na Mungu, siyo kwa ile sauti ya kanisani. Kwa sauti anayotumia kumwagiza mtu dukani.

“Baba, nimeviacha hapa. Na Neema pia namuacha kwako, na mutoto. Sitauliza tena.”

Akaja. Hatua kumi akageuka kutazama. Lakini akaja.

Alipotufikia mikono yake ilikuwa haina cha kushika, inapepea tu, ikamtafuta mtu. Mama Nabintu akamkabidhi kifuko chake kidogo cha plastiki ambacho kilikuwa pembeni ya mguu. Ndani kulikuwa na kikombe, sabuni na kitenge kimoja. Mama aliuliza vingine viko wapi. Mama Nabintu akasema hivyo ndivyo vyote. Si kuna watu?

Tulipokezana mpaka juu. Amisi aliimba kiitikio cha nyimbo za Kiprotestanti bila kukosea, na Papa Simoni akamwambia anafaa kuwa shemasi. Amisi akasema akikosa wateja ataufikiria ushemasi.

Hospitali: mguu wa mtu mwingine

Tulipoingia uwanjani muuguzi alimwona Mama ameshika kifuko cha mgonjwa, akamwita, “Garde-malade, kuja huku.” Mama mbele ya koti jeupe ni mtu mtiifu sana. Akafuata. Akapewa maji ya uvuguvugu na kuambiwa aoshe mguu. Kabla sijaelewa, mama yangu, aliyevuka mto na mlima kwa ajili ya bintiye, alikuwa amepiga magoti kwenye jumba la waliovunjika, anaosha matope kwenye kidole cha Mama Nabintu.

Nikakimbia kumtafuta shemeji. Nilimkuta nje ya mlango wa chumba cha kupasulia, amekaa kwenye ukingo wa saruji, ameshika viatu vya Yaya. Alisema Neema ameingizwa muda si mrefu. Mlango umefungwa.

Nilirudi polepole. Njia ile fupi ilikuwa ndefu kuliko mlima. Nikamwambia Mama kwamba tumechelewa, yuko ndani tayari. Nilingoja apige kelele, aanguke, aanze kumkemea shetani. Mama alishika kitambaa cha kuoshea, akatazama mlango, akautazama mguu ambao ulikuwa umeoshwa nusu.

“Nilisema sitauliza tena,” akasema. “Leta maji mengine, Fiston. Haya yamechafuka.”

Nikaleta maji. Aliosha mguu ule mpaka ukang'aa. Mama Nabintu alimshika bega na wakaimba pamoja, chini chini, na mimi niliitikia, na mtu yeyote atakayesema nilikuwa nalia ajue ule ulikuwa moshi wa majiko ya garde-malade.

Kisha shemeji akatokea mlangoni. Yule mtu mpole asiyeinua sauti. Alikuwa bado ameshika viatu vya mke wake, kimoja kila mkono, na alikuwa anavipunga.

“Msichana,” akasema. “Analia. Na mama yake ananiuliza kama Fiston amekula kila kitu njiani.”

Vitenge na sweta ya mtoto havikuwapo, vilikuwa mtini. Muuguzi aliuliza wanamfunika na nini. Mama Nabintu akavuta kifuko chake, akatoa kile kitenge kimoja, akakirusha kwa shemeji kabla mtu hajamzuia. Kwa hiyo mpwa wangu siku yake ya kwanza alikuwa na picha za kuku wa kijani mwili mzima.

Jua lilikuwa bado halijazama, Mama yuko kwa Yaya anamshika ule mkono aliouahidi, tukasikia makelele uwanjani. Akina mama wawili wa sokoni, wanafunzi na babu mmoja walikuwa wanaingia na mizigo yetu, na nyuma yao vijana wakisukuma moto ya Amisi. Hawakuleta kwetu. Walikuwa wameambiwa ni mizigo ya mgonjwa wa kipoyi, wakaipanga kitandani kwa Mama Nabintu, na kwa kuwa ni mizigo ya mgonjwa, kila aliyeibeba aliongeza kitu chake. Kulikuwa na kabichi ambazo hatukuzinunua. Kulikuwa na viazi, ndizi, mayai ndani ya sufuria, na gunia la pili la makaa.

Mama Nabintu alifungua mfuko, akatoa sweta ya manjano, akaigeuza mbele na nyuma.

“Minye nimevunjika muguu,” akasema. “Hawa wananiletea nguo ya mutoto. Wanajua kitu gani minye sijui?”

Jumba zima lilicheka, hata wale ambao kucheka kuliwauma. Mama akaingia, akaiona sweta mikononi mwa Mama Nabintu. Aliichukua, akatoka nayo, akaenda kumvalisha mtoto. Ilikuwa kubwa mno, mikono inaning'inia. Yaya alisema mtoto anafanana na mimi, na wote wakamwonea mtoto huruma.

Kushuka

Mama alikaa mpaka Yaya alipoweza kutembea, na alipika kwa wagonjwa wawili. Mimi nilirudishwa shule, halafu Amisi na mimi tukapanda kumchukua, njia imekauka. Wakati wa kuondoka alikuwa hana mzigo. Beseni, mbabula, vyote aliviacha huko, na makaa ya ziada alimwachia Mama Nabintu, aliyesema sasa watu wa ziwani wameanza kuleta makaa mlimani, dunia inaisha.

Tulipofika kwenye mkaratusi Mama alimgonga Amisi begani asimame. Akashuka. Akauzunguka ule mti, anatazama chini kwenye majani kama mtu aliyedondosha hereni.

“Unatafuta nini, Mama?”

“Kuna kitu niliacha hapa.”

“Vyote vilifika.”

“Siyo hivyo.” Akatazama tena kidogo. “Bon. Inaonekana kimechukuliwa. Panda moto.”

Tukashuka. Bonde lilifunguka chini yetu, na ziwa mbali kule mwisho. Tulipita Sange, tukapita ule mto, ambao sasa mtoto angeuruka, na mimi nilikuwa nangoja vidole kwenye mbavu. Havikuja. Nikadhani tumemdondosha. Amisi akatazama kwenye kioo chake, akaanza kucheka peke yake, akapunguza mwendo.

Kichwa cha Mama kilikuwa kimeegemea mgongo wangu. Amelala, mdomo wazi, mikono ameiacha mapajani haijashika kitu, na alikoroma mpaka Uvira.